Mama mkwe ananinywesha uwatu asubuhi, mchana na jioni

Mpendwa Somo,

Shikamoo. Nina miaka 27, ni mhasibu, nimeolewa hapa Tanga na wiki tano zilizopita nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume. Kwetu ni Moshi. Mama yangu mzazi miguu inamsumbua, safari ya basi haiwezi, kwa hiyo aliyekuja kunilea ni mama mkwe kutoka Pemba, na baba mkwe wameongozana.

Sitaki kumsema vibaya. Mama huyu anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, ananikanda kwa maji ya moto, anamwogesha mtoto, anapika, anafua. Kazi yangu mimi ni kunyonyesha na kulala. Tatizo ni uwatu. Kila usiku anaroweka konzi nzima ya mbegu, asubuhi anazichemsha mpaka maji yanatoa ute, anakoroga na unga wa mchele, tui la nazi, iliki na sukari. Nakunywa kikombe kikubwa asubuhi, cha pili mchana, cha tatu baada ya magharibi. Mwanzoni niliupenda. Sasa tumbo linaniendesha, na ule uchungu wake hauniishi mdomoni. Nikibakiza, mama hasemi kitu. Anachukua kikombe, anakiosha, na siku hiyo hatuongei tena.

Halafu harufu. Jasho langu, kanga, shuka, mpaka kichwa cha mtoto vinanukia shira ya kaimati. Wiki iliyopita kliniki nesi alimvua mtoto nepi, akanusa, akamwita mwenzake naye anuse. Wakaniuliza kama kwenye ukoo wetu kuna watu waliopoteza watoto wachanga. Miguu iliniisha nguvu. Nilipotaja uwatu wakacheka, wakasema basi nenda. Hawakunieleza zaidi. Wakampima, kilo 4.1 (alizaliwa na 3.1), wakaandika kwenye kadi.

Jioni mtoto analia. Ananyonya, anaachia, analia, anataka tena, hivyo hivyo saa mbili tatu. Na matiti yangu siku hizi ni laini, hayajai kama wiki za mwanzo. Mama anasema maziwa yamepungua, ndiyo maana ameongeza uwatu. Kilio anasema ni chango, na tangu juzi anampa mtoto mwenyewe maji ya uwatu, kijiko kimoja cha chai kila jioni. Nilimwambia kliniki wanasema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Akanijibu kwamba mume wangu na ndugu zake wote walipewa na wako wazima.

Kuna la baba mkwe pia. Ana kisukari, amepewa metformini na glibenklamidi. Alipoona bakuli la uwatu jikoni naye akaanza kunywa maji yake asubuhi. Siku moja alipima akakuta 6.8, akafurahi sana, na sasa vidonge anakunywa leo, kesho anaruka. Anasema Mtume (S.A.W.) alisema lau watu wangejua yaliyomo kwenye uwatu wangeununua kwa uzito wake wa dhahabu. Mimi nimesilimu wakati wa ndoa, sina ubavu wa kubishana na mzee kuhusu hadithi.

Mume wangu anasema nivumilie arobaini iishe. Lakini mama ameshasema atakaa mpaka mtoto atambae. Somo, uwatu ni dawa kweli au ni mazoea tu? Na nitaupunguza vipi bila kumvunjia heshima mtu anayenilea hivi?

Mzazi wa Kwanza, Tanga

---

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto.

Naanza na kijiko, maana hicho hakisubiri arobaini. Maji ya uwatu kwa mtoto wa wiki tano yakome leo. Sisemi hivyo kwa kuwa uwatu ni sumu. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo, na kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa. Maji yenyewe hata yakichemshwa yanapita kwenye bakuli, kijiko na mikono. Na dawa iliyopimwa kwa jicho la mtu mzima haina kipimo kwa mtu wa kilo nne. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ndiyo hayo hayo ya kliniki yako, ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Maji hayamo, wala uwatu.

Tena kuna kisa kinachofanana na chako. Mwaka 1999 madaktari waliandika katika jarida la kitabibu habari za mtoto wa Kimisri wa wiki tano, umri wa mwanao kabisa, aliyepoteza fahamu kwa dakika kama kumi akinyweshwa chai ya mitishamba kwa chupa. Mkojo wake ulinukia sukari iliyoungua, wakadhani ana ugonjwa mbaya wa kurithi. Walipochunguza, kumbe chai ilikuwa na uwatu. Sikuambii kwamba uwatu ndio uliomzimisha. Nakuambia kwamba harufu ile iliwapoteza madaktari njia, na siku mwanao akiugua kweli sitaki ya kwako ipoteze njia pia.

Hapo ndipo penye jibu la manesi wako kunusa nepi. Ndani ya uwatu mna kitu kiitwacho sotoloni, ndicho chenye hiyo harufu ya shira. Ukila uwatu mwingi kinatoka kwenye jasho, kwenye mkojo na kwenye maziwa, kisha kwa mtoto. Na upo ugonjwa wa nadra wa kurithi ambao mwili wa mtoto unashindwa kuvunja baadhi ya sehemu za protini, na mkojo wake unanukia vivyo hivyo. Mtoto mwenye ugonjwa huo kwa kawaida huanza kuonekana mgonjwa siku za mwanzo tu za uhai wake: hanyonyi, analegea, anapata degedege. Wako ananyonya, analia kwa nguvu na anaongezeka uzito, tena mama yake anakunywa vikombe vitatu. Manesi walipocheka walikuwa wameshapata jibu, ila walipaswa kukueleza kabla hujatoka mlangoni. Ukienda tena, kwa mtoto au kwako, sema mwenyewe mapema: "Natumia uwatu." Usingoje wanuse.

Sasa maziwa. Umeandika jambo kubwa kwenye mabano kana kwamba si kitu: alizaliwa na kilo 3.1, sasa ana 4.1. Watoto wengi hupungua kidogo siku za kwanza na kurudia uzito wa kuzaliwa karibu na wiki ya pili, kisha huongeza kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mwanao amepata kilo nzima ndani ya wiki tano. Mwanangu, maziwa yako yanatosha. Kama unataka ushahidi wa nyumbani, hesabu nepi zilizolowa: sita au zaidi kwa siku, mkojo mweupe usio wa njano kali, basi anashiba.

Matiti kuwa laini kuelekea wiki ya sita ni kawaida. Wiki za mwanzo mwili haujui mtoto anataka kiasi gani, unajaza kupita kiasi. Baadaye unajua, unatengeneza kadiri anavyovuta. Titi likinyonywa likaisha hutengeneza haraka, likiachwa limejaa hupunguza mwendo. Ndiyo maana chupa moja ya maziwa ya kopo "ili apumzike" humpunguzia mama maziwa yake mwenyewe. Na kilio cha jioni na kunyonya kwa kuachia-achia, watoto wengi wa umri huo wanafanya, hasa wakiwa kwenye msukumo wa kukua. Huchosha kweli, lakini hakisemi kwamba titi limekauka. Huenda pia gesi inachangia, na hapo uwatu wako mwenyewe unaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Umeniuliza kama uwatu ni dawa au mazoea. Ni dawa, na kwa sababu hiyohiyo unahitaji kipimo. Mbegu hizi zimetumika tangu Misri ya kale. Zilikutwa hata kwenye kaburi la Tutankhamun. Habeshi wanaziita abish, Yemen huzipiga mpaka zitoe povu na kuweka juu ya mchuzi wao wa saltah, Oman mzazi hupewa hilba, Gujarati hupewa ladu za methi (hilba na methi ni uwatu huohuo), na wa Pemba uji kama wako. Hii njia ya Bahari ya Hindi mama mkwe wako hakuizua yeye.

Ila sikiliza utafiti unavyosema kuhusu maziwa, maana hapa ndipo watu wanapotiana chumvi. Uko utafiti wa Uturuki, uliochapishwa mwaka 2011, ambapo wazazi waliopewa chai yenye uwatu walikamua maziwa mengi zaidi siku za mwanzo, na watoto wao wakarudia uzito wa kuzaliwa mapema kuliko wenzao. Lakini chai ile ilikuwa na mimea mingine pia. Tafiti nyingine hazikuona tofauti ya maana. Mwongozo wa mwaka 2018 wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji, haupendekezi dawa wala mmea wowote mmoja wa kuongeza maziwa. Unataka kwanza mtoto anyonyeshwe mara nyingi na alishike titi vizuri.

Nikwambie ninavyoona mimi. Oman, Gujarati na Pemba hawakukubaliana kwenye uwatu tu. Wamekubaliana pia kwamba mzazi asiguse kazi kwa siku arobaini, alishwe, akandwe, alale mtoto anapolala, na mtoto awekwe titini kila anapotaka. Hayo ndiyo yanayoleta maziwa. Uwatu umekuwa ukipokea shukrani za kazi iliyofanywa na mama mkwe. Mzazi anayerudi dukani wiki ya pili, anayefua na kupika mwenyewe, atakunywa uwatu gunia zima na bado atalalamika maziwa. Haya uyaweke akilini, maana ndiyo utakayoyatumia ukiongea naye.

Kipimo. Kijiko cha chai cha mbegu za uwatu ni karibu gramu 4, cha mezani ni kama gramu 11. Konzi ya mwanamke mzima haipungui vijiko vitatu vya mezani, yaani gramu 30 na ushee. Wanawake wanaotumia vidonge vya uwatu kwa ajili ya maziwa humeza kati ya gramu 3 na nusu na 6 kwa siku. Wewe unakunywa mara tano, sita ya hapo, kila siku, na unashangaa tumbo linaendesha! Uwatu una nyuzinyuzi nyingi, karibu robo ya uzito wake, na sehemu kubwa ni zile zinazogeuka ute ukizichemsha. Ute huo kidogo hulainisha choo, mwingi humkimbiza mtu chooni. Mama anayeharisha anapoteza maji, na mama anayenyonyesha ndiye asiyepaswa kuyapoteza.

Kwa hiyo shuka mpaka kijiko kimoja cha chai kwa siku, kwenye kikombe kimoja, cha asubuhi. Zirowekwe usiku, maji ya kurowekea yamwagwe (hayo ndiyo yenye uchungu mwingi), kisha zichemshwe upya. Vikombe viwili vilivyobaki vibaki uji, wa mtama au wa mchele kwa tui, bila uwatu. Chakula na maji ni lazima kwa mnyonyeshaji. Uwatu si lazima. Harufu itapungua siku chache baadaye, na kama gesi ya mtoto ilitoka huko utaona. Tumbo lako likiendelea kuendesha hata kwa hicho kijiko, acha kabisa, na usijihisi umekosa.

Acha kabisa pia kama wewe huelewani na karanga, dengu au soya. Uwatu ni ndugu yao, na mwili unaokataa mmoja unaweza kuukataa na huu: vipele, midomo kuvimba, kifua kubana. Kifua kikibana hiyo ni hospitali, si kungoja. Na mimba ijayo, Mungu akijaalia, uwatu ubaki kiungo cha achari na mchuzi tu. Uji wa uwatu kwa mjamzito haufai, kwa sababu wingi wake unahofiwa kuchochea kizazi. Wazee wenyewe wanajua hilo: wengi wao humpa mama akishajifungua, si kabla.

Sasa baba mkwe, ambaye mimi ananitia wasiwasi kuliko wewe. Mzee hajakosea kwamba uwatu unagusa sukari. Mwaka 1990 watafiti wa Hyderabad, India, walichapisha majaribio ambayo wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza walipewa unga wa uwatu gramu 100 kwa siku, umegawanywa mchana na usiku, kwa siku kumi. Sukari kwenye damu ilishuka, na ile inayotoka kwenye mkojo ikapungua zaidi ya nusu. Ute wake unachelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Lakini zingatia mambo mawili ambayo wanaosambaza habari hii mitandaoni huyakata. Gramu 100 ni vijiko tisa vya mezani, si yale maji ya kurowekea anayokunywa mzee. Na wagonjwa wale hawakuacha insulini yao.

Ile 6.8 aliyoifurahia ilipatikana akiwa anakunywa vidonge na uwatu pamoja. Sasa ameondoa vidonge anasifu uwatu. Kupima asubuhi moja hakumwambii sukari iko wapi baada ya wali wa mchana. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi kama mitatu, hicho ndicho aombe. Kuruka vidonge siku moja moja kunaifanya sukari ipande na kushuka, na macho, figo na miguu huharibika kimyakimya, bila maumivu ya kumwonya.

Hatari ya pili ni ya upande wa pili. Glibenklamidi inasukuma kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala vizuri. Ukiongeza uwatu mwingi juu yake, halafu mzee akaruka chakula au akafunga, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mfundisheni dalili: jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Apimwe hapohapo, na ikiwa chini ya 4 apewe kitu kitamu, soda ya kawaida au maji ya sukari, kisha chakula. Akishindwa kumeza asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali. Na kama anapenda uwatu wake, sawa, ila vidonge vyote anywe kama vilivyoandikwa, aviachanishe na uwatu kwa saa mbili hivi ili ute usivizuie, na daktari wake aambiwe. Daktari akiona sukari imeshuka atapunguza dawa mwenyewe. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, huyo asianze uwatu bila kumuuliza daktari kwanza.

Kuhusu dhahabu: mimi si shekhe, na ninyi mnao masheikh Tanga, waulizeni. Lakini Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1350, aliyaandika maneno hayo katika kitabu chake Zad al-Ma'ad akiyanasibisha na baadhi ya matabibu. Hapo hakusema ni kauli ya Mtume. Na katika kitabu hichohicho kuna habari nzuri zaidi kwa baba mkwe: Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka, Mtume (S.A.W.) aliagiza aitiwe tabibu. Akaja Harith bin Kalada, akamtazama mgonjwa kwanza, ndipo akaagiza uwatu upikwe na tende. Tabibu aliitwa kabla ya uwatu. Hilo mumeo amwambie baba yake baada ya sala, kwa upole, si wewe.

Na hapo nafika kwa mumeo. "Vumilia arobaini iishe" si jibu, kwa sababu la kijiko na la vidonge ni ya damu yake na wazazi wake. Mkwe anayemwambia mama mkwe "usimpe mtoto" ataonekana ameletwa na kliniki kuharibu mila. Mtoto wa kiume akisema "Mama, nimeamua mwanangu asipewe kitu mpaka miezi sita, mimi ndiye niliyezungumza na nesi", ugomvi unakuwa mdogo na unabaki kwao. Aseme leo. Baba yake pia amsindikize yeye kliniki ya kisukari, na mfuko wa dawa zote mkononi.

Uji ni wako wa kusema, na usiseme kwa kubakiza kikombe. Kubakiza kimyakimya ndiko kunakomuumiza, kwa sababu hajui kama umechoka uji au umemchoka yeye. Msubiri anapokukanda, wakati ambao mikono yake iko kazini na moyo wake umetulia. Mwambie: "Mama, mtoto amepata kilo nzima na ni kwa mikono yako. Tumbo langu limeanza kuendesha, naogopa nisije nikaishiwa maji. Naomba uwatu uwe asubuhi tu, kijiko kimoja, na mchana unipikie ule wa mtama." Umeona hapo hujaukataa uwatu, wala hujataja daktari. Na la kilo halina uongo hata chembe.

Kwa chango mpe kazi nyingine, maana anachotaka ni kumtuliza mjukuu. Anajua kukanda kuliko mimi na wewe. Amkande mtoto tumbo kwa kiganja chenye joto, taratibu, kwa kuzunguka; amkunje miguu kuelekea tumboni; amweke begani acheue kila anapotoka titini; atembee naye akiwa amesimama wima dhidi ya kifua chake. Jioni inapita hivyo. Ila mtoto akipata homa, akikataa kunyonya, akitapika kijani, akitoa choo chenye damu, akilegea au nepi zikipungua, hilo si chango hata kama bibi yake anaapa. Mkimbizeni hospitali.

Nina neno moja la pembeni, kwa sababu najua usiku ukinyonyesha unashika simu. Utakutana na vidonge vya uwatu vya kukuza makalio na matiti. Achana navyo. Hakuna anayejua kilichosagwa humo, na maziwa yako yana mtu anayeyanywa. Utakutana pia na wanaofundisha kuotesha mbegu za uwatu na kula machipukizi mabichi. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko wa bakteria wa tumboni uliohusishwa na machipukizi ya uwatu, mbegu zake zikitoka Misri, na zaidi ya watu 50 walifariki. Mbegu iliyochemka haina shida hiyo. Kupaka uwatu kwenye nywele endelea, ukipenda, ila osha mikono na kifua kabla ya kumshika mtoto.

Wiki ijayo mwanao anatimiza wiki sita, ana chanjo. Mchukue mama mkwe mwende naye, yeye ndiye ambebe. Mwombe nesi amwonyeshe bibi mwenyewe ule mstari wa uzito kwenye kadi, na umuulize nesi mbele yake swali la maji na la kijiko. Kisha niandikie mizani ilisomaje.

Wako,
Somo